Sauti za WhatsApp kutoka Singapore: "I send already what" ndiyo nini?

kontena40

Wakuu, habari za mchana. Naomba msaada wa wanaokijua Kiingereza cha Singapore. Kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini hapa Dar, na kontena nyingi za wateja hubadilishiwa meli kule. Barua pepe zao hazina shida, zimenyooka kuliko zangu. Kasheshe ni sauti za WhatsApp. Mtu yuleyule aliyeandika barua safi asubuhi, mchana anatuma sauti kama hizi, nimeziandika nilivyosikia (BL ni bill of lading, hati ya shehena ya meli):

"Your BL draft I send already what."
"Today cannot lah, tomorrow then can."
"Vessel kena delay, no choice lor."
"Confirm got space one, don't worry."

Naambiwa hicho ndicho Singlish. Je, ni Kiingereza kibovu au kina kanuni? Vile vijineno vya mwisho vina maana au ni madoido tu? Na mimi nijibu kwa staili hiyohiyo? Hapa ikiwa saa tatu asubuhi kule ni saa nane mchana, kwa hiyo muda wa kuulizana ni mfupi, na kila "sorry, come again" inanila dakika. Nataka majibu ya kutumia leo, siyo nadharia.

---

Mzee_wa_Viambishi

Mkuu, unaumia kwa sababu unaipitisha sentensi kwenye Kiingereza cha shule kwanza, halafu ndiyo unaileta kwenye Kiswahili. Ruka hicho kituo. Maneno ni ya Kiingereza, ila mpangilio wake umetoka kwa watu waliokuwa wakiongea Kihokkien, Kikantoni, Kimalei na Kitamil mtaa mmoja. Na kwa bahati nzuri sehemu kubwa ya mpangilio huo unaujua tayari, unautumia kila siku kwa Kiswahili.

Chukua ya kwanza. "Already" ni -sha- yetu. "I eat already" ni nimeshakula, basi. Kitenzi hakibadiliki, kazi yote ya wakati inafanywa na "already". Kitu kinachozungumziwa kinatangulia, kama sisi tunavyosema "drafti yako nimeshaituma". Sasa ile "what" ya mwisho siyo swali. Ni "si" ya kulalamika: "Drafti yako si nimeshaituma!" Anachokwambia ni kwamba unaongea kana kwamba hajatuma, na yeye ametuma. Ukimjibu "what do you mean, what?" utakuwa umeanzisha ugomvi ambao haukuwepo. Tafuta kwenye barua taka, ukikosa mwambie atume tena.

Ya pili: "then" hapo ni "ndiyo". Leo haiwezekani bwana, kesho ndiyo itawezekana. Ukiisikia "then" ya Kiingereza utadhani anasimulia mfuatano wa mambo.

Ya tatu: "kena" ni Kimalei, kupatwa na jambo. Kwetu iliyo karibu zaidi ni "kupigwa" ya "kapigwa faini". "Kena fine" ni kupigwa faini, "kena scold" ni kufokewa, "kena delay" ni kucheleweshwa. Kwa kawaida ni ya mambo mabaya, kwa hiyo ukiisikia mbele ya neno "vessel" au "container", jiandae kumpigia mteja. "Lor" inafunga kwa maana ya "ndo hivyo, tungefanyaje". Hakuombi msamaha na wala hakudharau, anakuonyesha kwamba jambo liko nje ya uwezo wake.

Ya nne: "got" ni kuna na -na kwa pamoja. "Got space" kuna nafasi, "I got car" nina gari. Kwetu pia mzizi ni mmoja, ndiyo maana sikio la Mswahili halipaswi kusumbuka hapo. "One" ya mwisho siyo namba. Inasema hiyo ndiyo hali yake, ndivyo kilivyo. "This fish very fresh one", samaki huyu mbichi kabisa, ndivyo alivyo. Na umeona hakuna "is"? "He very tall" ni "yeye mrefu sana". Nasi hatuweki "ni" kila mahali.

---

mkongwe_wa_forodha

Mzee amepita haraka kwenye "confirm", na hapo ndipo pesa inapopotea. Kwa Singlish "confirm" mara nyingi ni "lazima" au "kwa vyovyote". Wanasema "today confirm rain", leo lazima mvua. Hakuna aliyethibitisha chochote na mvua. Sasa wewe wa Dar ukisikia "confirm got space one" unamwambia mteja kwamba nafasi imethibitishwa, kumbe mwenzako kasema "nafasi ipo tu, usihofu". Kontena likiachwa, siku zake za kukaa bandarini zitasoma kwako.

Kanuni: neno la mdomo lisiingie kwenye faili. Mpaka upate namba ya bukingi kwa maandishi, hesabu hujapata kitu. Muulize hivi tu: "Got booking number already?" Akikupa namba, sawa. Akijibu "not yet", unajua ile "confirm" ilikuwa ya kukutuliza moyo.

Mengine yanayogonga watu kazini ni haya. "Last time" siyo mara iliyopita, ni zamani. "Last time this one no need stamp" maana yake zamani hati hii haikuhitaji muhuri, utaratibu umebadilika, siyo kwamba shehena yako ya mwezi uliopita ilipita bila muhuri. "Never" haina ukali wa "kamwe". "I never receive" ni sikupata, au sijapata, ya kawaida kabisa, kwa hiyo usijibu kwa hasira kwamba umeshawahi kumtumia mara kumi. "Revert" ni kujibu, hiyo na sisi tunayo. "Send" inaweza kuwa kumpeleka mtu kwa gari, na "follow" ni kwenda pamoja naye: "I follow you" ni "naenda na wewe", hakufuatilii. "Blur" ni mtu asiyeelewa kinachoendelea. Ukisikia "sorry I blur" hana tatizo la macho, amepotea tu kwenye maelezo, rudia taratibu. "Arrow" ni kubebeshwa kazi isiyo yako, na kwa kawaida inakuja na ile "kena": "I kena arrow", nimetupiwa mimi. Mtu akisema hivyo kuhusu faili lako, ujue limebadilisha mikono na hajui historia yake.

---

kimombo_sanifu

Samahani wakuu, naona tunapamba makosa. Hicho ni Kiingereza kilichovunjika, na serikali yao yenyewe ilianzisha kampeni ya kuhimiza Kiingereza sanifu mwaka 2000. Kama wenyewe wanakipiga vita, sisi tunajifunza cha nini? Mwambie aongee vizuri, yeye ndiye anayetoa huduma.

---

Mzee_wa_Viambishi

Kampeni ya 2000 ipo kweli, na kabla yake mwaka 1979 kulikuwa na nyingine ya kuhimiza Kimandarini badala ya lugha za nyumbani za Wachina. Kupigwa vita hakufanyi lugha ikose kanuni. Jaribu kuweka "meh", kijineno cha kuuliza kwa kutoamini, mahali pa "what" uone kama watakuelewa. Lugha iliyovunjika haina mahali pa kukosea, hii inapo.

Na "aongee vizuri" haina mashiko, kwa sababu anaweza. Soma barua zake. Singapore ina lugha rasmi nne, Kiingereza, Kimalei, Kimandarini na Kitamil, na tangu 1987 shule zote zinafundisha kwa Kiingereza. Huyo jamaa anahama kutoka kimoja kwenda kingine kama wewe unavyoandika "Yah: maombi ya kibali" ofisini, halafu ukitoka nje unasema "oya, mzigo umetiki". Akikutumia sauti ya Singlish amekuhesabu mtu wa karibu. Ukimwambia aongee vizuri atarudi kwenye barua pepe, na majibu yatakuja kesho yake.

Isitoshe, mwaka 2016 kamusi ya Kiingereza ya Oxford iliingiza maneno kama "shiok" (raha sana), "lepak" (kubarizi), "sabo" (kumhujumu mtu) na hiyo "blur". Lakini hilo ni la pembeni, tusiligeuze mada.

---

sikio_la_tatu

Maelezo ya maana ni mazuri, lakini kwenye sauti mtu hasikii "already what", anasikia "oredi wot". Tatizo la kwanza ni masikio.

Miisho ya maneno humezwa. "List" inakuwa "lis", "send" na "sent" zote zinafika "sen". "Book" inakatika kooni kabla ya k kutoka. Ndiyo maana usitafute wakati kwenye kitenzi, hautausikia hata kama ungekuwepo, tafuta "oredi" mbele yake. Ile sauti ya th mwanzoni inakuwa t au d, na mwishoni mara nyingi f: "three" inasikika kama "tree", "both" inasikika "bof". Irabu fupi na ndefu zinakaribiana sana. Kila silabi inapata muda unaolingana na jirani yake, kama Kiswahili, kwa hiyo mdundo hautakusumbua. Ila sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, wao wanaivuta ya mwisho kabisa. Ndiyo maana unahisi mtu anaimba.

Hapo kuna hatari mbili. Moja ni namba. 15 na 50 kwa masikio ya simu ni kitu kimoja, tofauti yote ni n ya mwisho, na nimeshasema miisho inamezwa. Usiulize "fifteen or fifty?", utasikia vilevile. Uliza "one-five or five-zero?" Ya pili ni "can" na "can't". "Can" inatoka kama "ken", fupi. "Can't" inatoka kama "kaan", a ndefu, bila t. Mtu wa Dar anasikia "kaan" anadhani ni "can" iliyosisitizwa, anakubali mzigo uende kumbe kakataliwa. Ukipata shaka uliza "Can or cannot?" Hilo ni swali la kawaida kabisa kwao, na jibu litakuwa neno moja, "can" au "cannot" kamili, na hiyo "cannot" haimezwi.

Kuhusu kusikiliza: sauti ya WhatsApp inaongezwa kasi, haipunguzwi. Ishirikishe kwenye VLC, ile programu ya kuchezea sauti na video, uisikilize kwa kasi ya 0.75. Mara ya kwanza sikiliza neno la mwisho tu la kila sentensi, lile dogo, na jinsi linavyopanda au kushuka. "Meh" iko juu. "What" inashuka chini. "Lor" imelala bapa. Mara ya pili sikiliza vitu na namba. Mara ya tatu unganisha. Wengi wanaanza na neno la kwanza, wanazama katikati, na mwisho wa sentensi ambao ndio wenye msimamo wa msemaji unawapita.

---

kontena40

@sikio_la_tatu hiyo ya "kaan" imenifungua, kuna sauti ya wiki iliyopita narudi kuisikiliza sasa hivi. Shukrani wote. Naomba hivyo vijineno vya mwisho vipangwe kwa sentensi moja ili nione tofauti. Na kingine: kuna uwezekano wa kupelekwa kule wiki moja kwa mafunzo. Nikifika mgahawani naongeaje?

---

Mzee_wa_Viambishi

Tuchukue "pay already", maana pesa inaeleweka na kila mtu.

"Pay already lah": nimeshalipa bwana, tuliache. "Lah" inafunga mjadala, na ikisemwa taratibu inapoza, ikisemwa kwa kukatika inachoka na wewe. "Pay already lor": nimeshalipa, ndo hivyo, ningefanyaje. "Pay already what": si nimeshalipa! "Pay already leh": mbona nimeshalipa, kwa upole, kuna kitu hakiko sawa hebu tuangalie. "Pay already meh?": kwani umeshalipa? Huyo hakuamini. "Pay already ah?": umeshalipa? Huyo anauliza tu, hana neno. "Pay already hor": nimeshalipa, umenisikia eeh, kesho usiseme hukuambiwa.

Angalia kilichotokea: mlipaji hajatajwa hata mara moja. Kwenye "lah", "lor", "what" na "leh" kwa kawaida ni mimi, kwenye "meh" na "ah" ni wewe. Hapa ndipo Kiswahili kinapokuangusha, kwa sababu sisi tumezoea ni- na u- zitufanyie kazi hiyo. Wao wanaiachia hali ya mazungumzo na kile kijineno. Kama mnazungumzia watu watatu na malipo mawili, uliza waziwazi "who pay already?" Ni sahihi kabisa.

Nyingine ya kufurahisha: "where got". Ukimwambia mtu amechelewa, anajibu "where got!" Ni "wapi!" yetu ya kukana, ileile, "wapi bwana!" Usianze kumwonyesha mahali.

Na kurudia neno: "walk walk" ni tembeatembea, matembezi yasiyo na haraka. Hapo sina cha kukufundisha.

---

BintiUpanga

Mgahawani ndiyo kwenye utamu, hasa kahawa. Ukiagiza kahawa kwenye vile vibanda vya chakula usiseme "coffee with milk, no sugar". Kuna maneno, na yanajengwa kama kitenzi chetu, unabandika kipande baada ya kipande.

"Kopi" pekee ni kahawa yenye sukari na maziwa mazito ya kopo yaliyotiwa sukari. "Kopi-o" ni nyeusi yenye sukari, "o" ni nyeusi kwa Kihokkien. "Kopi-c" ni yenye maziwa ya kopo yasiyo na sukari, halafu sukari inaongezwa. "Kosong" ni Kimalei, tupu, yaani bila sukari. "Siew dai" ni sukari punguza. "Gao" ni nzito, "po" ni nyepesi, "peng" ni ya barafu na inakaa mwisho. Kwa hiyo "kopi-o kosong" ni ile ya mzee wa kahawa wa Kariakoo, chungu kavu, ila kikombe ni kikubwa na kashata hakuna. Ukitaka ya barafu ongeza "peng". Mtego uko hapa: "kopi kosong" haitakuokoa na sukari, maana utamu umo ndani ya maziwa yenyewe. Mwenye kisukari anayetaka maziwa aseme "kopi-c kosong".

Chai ni vilevile, weka "teh" mahali pa "kopi". Kwa chai ya maziwa inayokaribia ya nyumbani agiza "teh-c", na kwa ya tangawizi agiza "teh halia".

Mwuzaji mwenye umri muite "uncle" au "auntie", ndiyo mjomba na shangazi wa kule, hakuna atakayeshangaa. Bosi wa ofisini usimuite hivyo. Atakuuliza "having here?" au "tapau?". Ya pili ni kufungiwa uondoke nacho. Ukikuta pakiti ya tishu juu ya meza tupu, meza ina mtu: hiyo inaitwa "chope", kiti kimewekwa. Usiiondoe, na wala usidhani imesahaulika. "You take pork?" siyo kwamba unachukua, ni unakula nguruwe? Kwa Waislamu, kibao cha "no pork no lard" siyo cheti cha halali, kinasema tu hakuna nguruwe wala mafuta yake. Tafuta alama ya halali yenyewe.

Kimalei kitakukaribisha pia bila kutarajia. Bendera kwao ni bendera. Meza ni "meja", sabuni "sabun", karatasi "kertas", nanasi "nanas". Bahari moja hii.

---

mkongwe_wa_forodha

Kuhusu kujibu kwa staili yao: "can", "cannot", "can or not" na "already" tumia bila hofu, zinafupisha kazi. Vile vijineno viache. Mgeni anayebandika "lah" kila mwisho anasikika kama anawaigiza, na mara nyingi anaibandika pasipostahili. Kwanza sikiliza miezi kadhaa. Na maandishi yoyote yatakayoingia kwenye faili yawe Kiingereza sanifu, pande zote mbili.

---

kontena40

Nimerudia ile sauti. Ilikuwa "kaan". Naandaa ujumbe wa WhatsApp, nikosoeni kabla sijautuma: "Draft BL I never receive leh. Can send again or not? Space confirm already lah?"

---

Mzee_wa_Viambishi

Ya kwanza toa "leh", ibaki "Draft BL I never receive." Ya pili iko sawa, usiiguse. Ya tatu imevunjika: "lah" haiulizi, anayeuliza ni "ah".

---

mkongwe_wa_forodha

Ya tatu ifute yote. Andika: "Please send booking number." Na ufanye haraka, kule ofisi zinakaribia kufungwa.